Mlango wa Pili: Bei ya Chakula Uingereza, Kutoka Rochdale Hadi Leo

Katika mkutano wa chama chetu wa mwanzo wa muhula, ajenda iliyowekwa mwisho ndiyo iliyokula muda kuliko zote: bei ya chakula. Kila mmoja alikuja na kisa chake, lakini visa vingi viliishia mahali pamoja, kwenye duka lililo jirani na mabweni yetu. Ukitoka kwa miguu hakuna jingine. Ni tawi dogo la kampuni kubwa, na mfuko wa mchele unaouzwa pale unapatikana kwa bei nafuu zaidi katika duka kubwa la kampuni hiyohiyo nje ya mji. Mwenzetu mmoja alipiga hesabu akaona kwamba tofauti ya bei inatosha nauli ya basi ya kwenda huko, ila haitoshi nauli ya kurudi. Ukumbi mzima ulicheka. Nilipofika chumbani nikaona kwamba hesabu ile ndiyo kiini cha jambo lenyewe.

Mkutano uligawanyika. Wapo waliosema dawa ni serikali kupanga bei. Wapo waliotaka chama kinunue unga, mchele na mafuta kwa jumla, kisha kiwauzie wanachama. Kwa kuwa mimi nasoma historia, niliombwa niandike jinsi waliotutangulia walivyolishughulikia suala hili. Makala haya ndiyo jibu langu. Hoja yangu ni kwamba mnunuzi huumia zaidi anapokuwa na mlango mmoja tu wa kuingia, na hupata nafuu unapofunguliwa mlango wa pili. Lakini historia inatuonya pia kwamba aliyefungua mlango wa pili, akishakuwa mkubwa, anaweza kuwa wa kwanza kuufunga nyuma yake.

Duka la bwana na daftari la deni

Tuanze mwanzoni mwa karne ya 19, viwanda na migodi ilipokuwa ikienea Uingereza. Katika sehemu nyingi mfanyakazi hakupokea mshahara wake wote kwa fedha taslimu. Alipewa vocha au vidani vilivyokubalika katika duka moja tu, nalo lilikuwa duka la mwajiri wake mwenyewe. Bwana aliyemlipa Jumamosi ndiye aliyempangia bei ya unga Jumatatu. Mwaka 1831 Bunge lilipitisha sheria iliyowataka waajiri wa kazi nyingi walipe fedha taslimu, lakini desturi haikufa siku ile. Mwaka 1845, miaka 14 baadaye, Benjamin Disraeli, ambaye alikuja kuwa Waziri Mkuu, bado aliona haja ya kulieleza duka la namna hiyo katika riwaya yake Sybil.

Hata pale ambapo hapakuwa na duka la bwana, palikuwa na deni. Sisi tuliokulia mitaani tunalijua daftari la Mangi: unachukua sukari leo, jina lako linaandikwa, mwisho wa mwezi unalipa. Daftari ni msaada mkubwa siku mfuko unapokuwa mtupu. Lakini mwenye deni hana mlango wa pili. Akionekana anaingia duka la jirani na fedha mkononi, daftari hufungwa. Kwa hiyo huendelea kununua palepale, kwa bei ileile, na kwa kipimo atakachopewa.

Juu ya yote hayo ilikuwapo sheria ya nafaka. Tangu mwaka 1815 hadi 1846 ngano ya kutoka nje ilizuiwa au kutozwa ushuru mzito ili bei ya nafaka ya wenye mashamba wa ndani isishuke. Mlango uliofungwa hapa ulikuwa wa bandari, na aliyelipia kufungwa kwake ni mla mkate.

Mnunuzi asiye na pa kwenda haibiwi katika bei peke yake. Kati ya mwaka 1851 na 1854 daktari Arthur Hill Hassall alichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kupima vyakula vilivyouzwa London. Alikuta shabu katika mikate, iliyotiwa ili unga hafifu uonekane mweupe, pamoja na uchafu mwingine katika kahawa, chai na viungo. Mwaka 1858 katika mji wa Bradford watu wapatao 20 walikufa baada ya kula pipi zenye arseniki. Sumu ile iliingia kwa bahati mbaya. Mtengeneza pipi alitaka kuchanganya sukari na unga wa jasi, na dukani alikoagiza akapewa arseniki. Kosa lilikuwa kuchukua arseniki; kuwalisha watu jasi lilikuwa jambo la kawaida katika biashara ile.

Rochdale, 1844

Rochdale ni mji ulio karibu na Manchester. Wakati ule uliishi kwa kufuma flaneli, na mishahara ilikuwa midogo. Watu 28, wafumaji na mafundi wa kazi mbalimbali, waliamua kufungua duka lao wenyewe. Mtaji wao ulikuwa paundi 28. Kwa watu wa kipato chao, paundi moja kwa kila mtu haikuwa fedha ya kutoa mfukoni kwa mkupuo, hivyo walichanga peni mbili kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilikuwa kibaba kwelikweli, cha kupimia unga.

Duka lilifunguliwa jioni ya Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1844, katika chumba cha chini cha ghala moja kwenye njia iitwayo Toad Lane. Bidhaa zilikuwa chache mno: siagi, sukari, unga wa ngano, oti na mishumaa. Masimulizi yanasema watoto wa mtaani walikusanyika nje kuwacheka, na wafanyabiashara wa mji walitabiri kwamba duka lile halitamaliza muda mrefu. Baada ya mwaka mmoja wanachama walikuwa wamezidi 70.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya moyo mwema. Mimi nilivyokisoma, naona zaidi kazi ya watu waliokuwa wamejifunza kwa maumivu. Mwaka 1833 lilikuwapo duka jingine la ushirika katika njia ileile, likafa baada ya miaka miwili kwa sababu ya kukopesha. Waanzilishi wa 1844 walilijua kaburi lile, na wakaweka kanuni zao wakilitazama.

Kwanza, hakuna kukopa. Kila kitu kwa fedha taslimu. Kanuni hii iliwaumiza maskini kabisa, na hilo tusilifiche. Lakini ndiyo iliyomwezesha mwanachama kuwa huru kuondoka siku asiporidhika. Pili, bidhaa safi na kipimo kamili. Tatu, mtu mmoja kura moja, awe na hisa moja au kumi. Wanawake hawakuzuiwa: Eliza Brierley alijiunga mwaka 1846, wakati ambapo mwanamke aliyeolewa alikuwa bado hana haki kamili ya mali yake kisheria, haki ambayo Bunge liliikubali mwaka 1882.

Nne, na hili ndilo nililotaka wenzangu walizingatie: hawakuuza kwa bei ya chini kuliko mji. Waliuza kwa bei ya kawaida ya soko, kisha ziada iliyobaki baada ya gharama waliigawa kwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Aliyenunua zaidi alirudishiwa zaidi. Kwa njia hii hawakuingia vita vya bei ambavyo mtaji wao mdogo usingevimudu, na hawakuwa wakibahatisha kwa kushusha bei kabla ya kujua gharama zao. Mnunuzi aliiona faida yake mwisho wa hesabu. Wanasema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Rochdale waliyafanya mahesabu yale mbele ya kila mwanachama.

Mfano ulienea mji hadi mji. Mwaka 1863 vyama vya kaskazini viliunda chama chao cha kununua kwa jumla, makao yake yakiwa Manchester, ili visitegemee wauzaji wa jumla. Kwa karibu miaka mia iliyofuata, duka la ushirika lilikuwa mlango wa pili katika mamia ya mitaa ya wafanyakazi wa Uingereza.

Machinga aliyekuwa mfalme

Mwaka 1919 kijana aliyeitwa Jack Cohen, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Poland, alirudi kutoka vitani akaanza kuuza kwenye meza sokoni mashariki mwa London, bidhaa zake zikiwa masalia ya vyakula vya jeshi. Kwa lugha yetu ya leo alikuwa machinga. Biashara yake ndiyo iliyokuja kuwa Tesco.

Wakati huohuo namna ya kununua ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1942, katikati ya vita, Chama cha Ushirika cha London kilijaribu huko Romford duka ambalo mnunuzi anajichukulia bidhaa mwenyewe bila kuhudumiwa kaunta. Sainsbury's ilifungua lake la namna hiyo Croydon mwaka 1950. Gharama za kuuza zilishuka, lakini bei hazikuweza kushuka sana, kwa sababu bidhaa nyingi zilipangiwa bei na kiwanda. Muuza duka aliyethubutu kupunguza aliweza kunyimwa mzigo, na sheria ya mwaka 1956 ilikipa kiwanda nguvu ya kumshtaki. Palikuwa na maduka mengi, lakini kwa bidhaa hizo yote yalikuwa mlango mmoja.

Cohen alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele sana dhidi ya utaratibu huo. Mwaka 1964 Edward Heath, akiwa waziri mwenye dhamana ya biashara, alipitisha sheria iliyouvunja. Wenye maduka madogo walilalamika kwamba wataangamizwa. Walaji walipata nafuu, na wenye maduka madogo nao hawakukosea: mengi yalifungwa katika miaka iliyofuata, na supamaketi zikachukua nafasi yake.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Supamaketi zilipokua, ziligundua kwamba mpinzani hawezi kukupunguzia wateja kama hana kiwanja cha kujenga. Kampuni ilipouza kiwanja iliweza kuweka sharti katika hati kwamba mnunuzi asikitumie kwa duka la chakula. Ilipopanga katika jengo, iliweza kumfunga mwenye jengo asimpangishe mshindani. Tume ya Ushindani ilichunguza soko la vyakula na katika ripoti yake ya mwaka 2008 ikasema masharti ya namna hiyo yanamwumiza mlaji. Mwaka 2010 ikatolewa amri ya kuyazuia.

Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ilitangaza kwamba Tesco ilikuwa imeivunja amri hiyo mara 23 kati ya mwaka 2010 na 2018. Kampuni ilikubali na kuahidi kurekebisha. Baadaye kampuni nyingine kubwa nazo zilikutwa na makosa ya aina hiyohiyo. Simwandami mtu hapa. Ninachoona ni safari ya miaka mia moja: machinga aliyepigania haki ya kuuza kwa bei ndogo, na kampuni iliyotokana naye kukutwa na hati zinazomzuia mwingine asifungue duka jirani.

Je, mlango wa pili bado unafanya kazi? Mifano miwili ya karibuni inasema ndiyo. Aldi iliingia Uingereza mwaka 1990 na Lidl mwaka 1994, zote kutoka Ujerumani, na kwa muda mrefu zilidharauliwa. Mwaka 2020 Tesco yenyewe ilianza kubandika dukani matangazo kwamba baadhi ya bidhaa zake zinauzwa kwa bei ya Aldi. Mfano wa pili ni wa mwaka 2019. Sainsbury's na Asda, ya pili na ya tatu kwa ukubwa, ziliomba kuungana na kuahidi kwamba bei zitashuka. Mamlaka ya ushindani ilikataa, ikisema kinyume chake ndicho kitakachotokea.

Lakini mwanahistoria asipendelee hoja yake mpaka afiche kinachoipinga. Mwezi Machi 2023 bei za vyakula hapa zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 ndani ya mwaka mmoja, kiwango ambacho hakikuonekana kwa zaidi ya miaka 40. Julai mwaka huohuo mamlaka ya ushindani ilisema kwamba, kwa jumla, haikuona kuwa udhaifu wa ushindani kati ya maduka ndio chanzo. Vita vya Ukraine, nishati na mbolea vilikuwa vimepandisha gharama tangu shambani. Naikubali ripoti hiyo. Ushindani hauzuii mvua kunyesha. Unamzuia tu mwenye mwavuli asikukodishie kwa bei ya nyumba. Tena ripoti ya nchi nzima humwona mnunuzi mwenye gari, anayeweza kuchagua kati ya maduka matano. Mwanafunzi anayetembea kwa miguu na mfuko mkononi, soko lake linaishia pale miguu inapochoka.

Duka moja kwa kila kijiji

Sasa nirudi kwa wenzetu waliosema serikali ipange bei, na kwa wale wanaotaka chama kiwe ndicho duka letu. Nyumbani Tanzania yote mawili yalijaribiwa, na baadhi ya wazazi wetu walisimama kwenye foleni zake.

Ushirika ulifika kwetu mapema, lakini kwanza ulikuwa wa kuuza mazao. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, kilichozaa KNCU mwaka 1933. Baada ya uhuru, mwaka 1962, iliundwa COSATA kusimamia maduka ya ushirika ya walaji, nayo haikudumu. Mwaka 1973 ikaundwa Tume ya Bei, iliyopanga bei za bidhaa nyingi, na kampuni za biashara za mikoa zikawa zinasambaza mizigo. Kisha mwanzoni mwa mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, mahali pake pawe na maduka ya vijiji na ya ushirika.

Nia ilikuwa njema, na ilitokana na machungu ya kweli. Mwanakijiji wa mwaka 1970 alimjua muuza duka mwenye kipimo kifupi kama mfumaji wa Rochdale alivyomjua wake. Lakini mengi yalifungwa kabla mapya hayajasimama, na mwaka uleule serikali ikalazimika kupunguza kasi. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vilivunjwa, hadi vilipoanza kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo jina la ushirika lilibaki juu ya mlango wa duka, huku wanachama waliokuwa na haki ya kuhoji hesabu wakiwa hawapo.

Miaka iliyofuata ilileta mengine: ukame, bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Haitakuwa haki kuitupia Operesheni Maduka lawama ya kila foleni. Hata hivyo bei iliyoandikwa ukutani haikumsaidia mtu pale rafu zilipokuwa tupu. Sukari ilikuwa na bei mbili, ya duka ambayo haikuwapo, na ya mlanguzi ambayo ilikuwapo. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na rafu zikaanza kujaa, ingawa kwa bei ambazo wengi hawakuzimudu.

Bibi yangu hadi leo hanunui sukari kilo moja. Hununua mbili, "isije ikaadimika." Dukani kwake sukari haijaadimika kwa miaka mingi sasa, lakini mkono wake bado uko kwenye foleni.

Tofauti kati ya Toad Lane na duka la kijiji la mwaka 1976 haikuwa katika neno ushirika, wala katika wema wa viongozi. Mwanachama wa Rochdale alikuwa na uwezo wa kutoka. Duka lake lilifunguliwa pembeni ya maduka mengine, likamvuta. Duka la mwaka 1976 lilitakiwa kubaki peke yake. Duka linalobaki peke yake, liwe la bwana wa kiwanda, la kampuni au la kijiji, humfikisha mnunuzi mahali pamoja.

Tufanye nini

Kwa msingi huo, pendekezo langu kwa mkutano ujao ni kwamba tukubali wazo la kununua kwa jumla, kwa masharti tuliyoachiwa na waliotutangulia. Tuanze na vitu vitatu tu: unga wa sembe, mchele na mafuta ya kupikia. Kila anayetaka achangie kabla ya mzigo kununuliwa, na asiyetaka asilazimishwe wala asitazamwe vibaya. Tusikopeshane, najua ni vigumu kumwambia hivyo ndugu aliyeishiwa, lakini kwa ajili ya ndugu huyo tuwe na mfuko wa dharura ulio mbali na biashara. Risiti zibandikwe ukumbini, na ziada irudishwe kwa kila mtu kadiri alivyonunua. Na tukifanikiwa, tusije tukaomba chuo kimzuie mwingine asiuze. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi hatuna kinga ya pekee.

Wale waliotaka serikali ichukue hatua nao nawaunga mkono, ila si kwa kupanga bei. Waandike barua kwa halmashauri ya mji kuuliza jambo moja: kile kiwanja kitupu mkabala na kituo cha basi, hati yake inasema nini kuhusu duka la chakula? Huenda haisemi lolote. Lakini swali hilo lina jibu lililoandikwa mahali fulani, na tuna haki ya kulitafuta.

Jengo la Toad Lane lipo mpaka leo, nalo ni makumbusho. Kutoka Manchester tramu inafika Rochdale. Napendekeza safari yetu ya muhula huu iwe huko, na anayekwenda aje na peni mbili zake.